Maziwa Hayajalala

Vijana wa kituo, siku mliyoniaga mlinipa blanketi na mkaniomba niandike namna tulivyokuwa tukipokea maziwa kabla ya hizi mashine zenu. Blanketi nimelitumia. Kuandika kumenishinda mara tatu. Mimi ni wa darasa la saba, na ingawa tangu ujana nina desturi ya kuandika mambo ya siku kwenye madaftari ya shule, nikiyasoma sasa naona mengi niliyoyaandika kwa uhakika hayakuwa kweli. Kwa hiyo mnisome kwa tahadhari. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Nilianza kazi miaka ya ruksa, serikali ilipoacha kununua maziwa na wafugaji wa upande wetu wa Kinyala wakaambiwa wajipange wenyewe. Kituo kilikuwa stoo ya zamani ya mbolea. Siku ya kwanza nilikabidhiwa keni nne, chujio, silinda ya bati, chupa ya spiriti, themomita na laktomita, na nikaambiwa nisivivunje. Themomita niliivunja mwaka wa pili. Zebaki ilikimbia sakafuni kama vifaranga, na nyingine haikuletwa. Ile spiriti ya kupimia kama maziwa yamechacha ilikuwa ikipungua haraka kuliko maziwa yaliyopimwa. Mlinzi wetu alikuwa mtu mchangamfu sana asubuhi, lakini sina ushahidi, basi nisiseme.

Laktomita wengi wenu hamjaishika. Ni kijiti cha kioo chenye risasi tumboni. Ukikitia kwenye silinda yenye maziwa kinaelea wima. Maziwa safi yanakisukuma juu mpaka unasoma ishirini na nane, ishirini na tisa. Maziwa yaliyotiwa maji yanakiacha kizame, na namba inashuka. Sisi tulikuwa tukikataa chochote kilicho chini ya ishirini na saba. Mtu aliyekataliwa alirudi na ndoo yake mbele ya foleni nzima, na kwa kuwa huku kwetu ng'ombe ni heshima ya nyumba, kurudi na ndoo ilikuwa kama kurudishwa wewe na ukoo wako.

Aliyenifundisha ni Mzee Gwakisa. Alikuwa amepunguzwa kazi kwenye shamba la ng'ombe la serikali, akaja kwetu na kanuni zake mbili. Ya kwanza alikuwa akiisema kama methali: maziwa hayapimwi kabla hayajalala. Kila ndoo iliyofika iliwekwa kwenye saruji baridi, ikakaa. Yeye alipita kwenye mstari akizisalimia kwa Kinyakyusa, "Mugonile," yaani mmelala, huku akizigusa ubavuni kwa mgongo wa mkono. Iliyomridhisha aliipima, isiyomridhisha aliiacha. Nilimuuliza sababu. Akasema, "Wewe ulipozaliwa ulihojiwa siku hiyohiyo? Si uliachwa ulale kwanza?" Foleni ikacheka, nami nikacheka, na jibu lingine sikupata. Nilichukulia kwamba ni mila ya wazee wa shamba, kama kutompiga ng'ombe kwa mwiko.

Kanuni ya pili ilikuwa kwamba humtaji mtu kuwa anatia maji mpaka umekwenda kusimama zizini kwake, ukaona kwa macho anakamua, ukapima hayohayo. Nilimwona akiitumia kwa mzee mmoja wa kanisa, ambaye simtaji kwa sababu wajukuu wake wanawaletea ninyi maziwa. Kituoni yake yalisoma ishirini na tatu. Mzee alilia mbele za watu, akashika Biblia, akaapa kwa watoto wake. Mimi niliamini machozi yale. Mzee Gwakisa hakubisha. Kesho yake alifika zizini alfajiri, akasimama kimya mpaka ng'ombe akaisha kukamuliwa, akayaacha yalale, akapima. Ishirini na tisa. Mzee wa kanisa alitazama chini akasema kumbe mvua iliingia kwenye ndoo. Hapo ndipo nilipopata dini yangu ya pili. Niliandika kwenye daftari: "Mtu anaapa. Kioo hakiapi." Niliona nimeandika kitu cha maana sana.

Mzee Gwakisa aliporudi kwao Busokelo kuuguza miguu, kituo kikawa changu. Wakati huo soko lilikuwa limefunguka kwelikweli. Wanunuzi wa Mbeya walikuja na pikapu zao, wawili watatu asubuhi moja, na aliyejaza keni zake kwanza ndiye aliyewahi wateja wa mjini. Walipiga honi. Hakuna mnunuzi wa soko huria aliye tayari kusubiri maziwa yalale. Nikaona nina laktomita, nina macho, na ile habari ya kusalimia ndoo ni imani tu isiyo na sababu. Nikaifuta. Ndoo ikifika, napima, namwaga kwenye keni, haya, mwingine. Watu walinisifu kwa uharaka.

Mama Tusekile alikuwa akikaa karibu na kituo kuliko mfugaji mwingine yeyote, ng'ambo tu ya migomba. Alikuwa mjane, kiongozi wa akina mama kanisani, na ndiye aliyenifundisha Shule ya Jumapili nikiwa sina hata viatu. Alikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu. Aliishi na mkwe wake, Atupele, msichana wa Lufingo aliyekuwa na mtoto wa kunyonya. Mume wa Atupele alikuwa Chunya kwenye dhahabu, anakuja Krismasi. Mama alikamua, Atupele aliosha ndoo, aliteka maji na kupika uji.

Siku chache baada ya kufuta kulala, maziwa ya Mama Tusekile yalisoma ishirini na sita. Nikapima mara mbili. Nikamwita pembeni, nikamwambia kwa heshima. Alinitazama kama mtu aliyesikia lugha asiyoijua. Akasema, "Mwanangu, mimi?" Akachukua ndoo yake akaondoka.

Kesho yake alikuja mapema zaidi, na ndoo ameifunga kwa majani ya mgomba na kanga juu yake. Alikuwa anahema. Aliweka mkono wangu kwenye ndoo ili nihisi. "Shika," alisema. "Yametoka sasa hivi kwenye kiwele. Maji ningeyatia saa ngapi?" Kwake joto lile ndilo lililokuwa shahidi. Watu waliotoka mbali walitembea saa nzima kwenye ukungu, maziwa yao yalifika baridi, na njiani kuna mito mitatu. Yeye aliyaleta yangali na pumzi ya ng'ombe. Nikapima. Ishirini na tano na nusu.

Kila siku alizidi kukimbia, akizidi kuyafunika, na kila alivyozidi ndivyo namba ilivyozidi kushuka. Foleni ilianza kunong'ona. Mwanamke mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba siku hizi hata watakatifu wana bomba.

Kulikuwa na Bi Zuhura, Mwislamu mwenye kibanda cha chai barabarani, ambaye alikuwa akiyachukua maziwa tuliyoyakataa. Alikuja kuniambia kwamba kati ya yote anayochemsha, ya Mama Tusekile ndiyo yanayoweka utandu mnene kuliko ya wote, mpaka anauondoa kwa kijiko. "Maji gani hayo yanayoweka utandu?" aliniuliza. Nikamjibu kwamba sufuria si kipimo. Akasema, "Sawa, fundi," akaondoka na ndoo yake. Nimelifikiria neno lile fundi miaka mingi.

Kanuni ya pili niliikumbuka. Nataka mjue kwamba sikuisahau. Niliamka alfajiri mbili kwa nia ya kwenda zizini kwake, na mara zote mbili niliishia kwenye migomba. Niliona aibu. Nisimame juu ya kichwa cha mama aliyenifundisha Amri Kumi, nimlinde anavyokamua kama mwizi? Nikajiambia kwamba namheshimu. Ndivyo ilivyokuwa: kwa heshima nilimnyima nafasi ya pekee ya kuonekana msafi.

Habari ikafika kanisani. Siandiki haya kulikashifu kanisa, ambalo ni langu hadi leo. Mchungaji wetu alikuwa mtu wa haki. Aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akaniuliza kama nina hakika, kwa sababu anamfahamu mama huyu miaka yote na yeye binafsi haamini. Yaani mtu wa imani ndiye aliyekuja kutafuta ushahidi. Nami, mtu wa ushahidi, nilimjibu, "Mchungaji, kipimo hakisemi uongo." Alifungua mlango. Akasema basi. Mama Tusekile akasimamishwa Meza ya Bwana mpaka atakapotubu.

Hakutubu, kwa kuwa hakuwa na cha kutubu. Alifunga siku tatu, akaomba Mungu amwonyeshe. Halafu akawaza, na nikitazama nyuma naona aliwaza vizuri kuliko mimi. Kipimo hakisemi uongo. Mwenye kituo amesema, mchungaji amekubali. Mimi sitii maji. Nyumbani tuko wawili. Kila hatua ilifuata nyingine, na jiwe la msingi lilikuwa langu.

Alimuuliza Atupele. Atupele alikataa. Akamuuliza tena mbele ya wazee wa ukoo, na mara hiyo Atupele akakiri. Alisema alikuwa akitia vikombe viwili wakati wa kusuuza ndoo. Alitaja hata kikombe, kile cha bluu. Nilipoambiwa niliandika kwenye daftari: "Amekiri. Mungu ashukuriwe." Lipo hapa mbele yangu, wino haujafifia.

Alirudishwa Lufingo na mtoto mgongoni. Mume aliitwa kutoka Chunya, akaja akiwa na hasira ya mtu aliyeaibishwa akiwa mbali. Baba yake Atupele, ambaye hakutaka maneno, alirudisha ng'ombe wa mahari. Mnajua kwetu ng'ombe wakisharudi, ndoa imekwisha.

Na sasa sikilizeni jambo lililonivunja kuliko yote. Wiki ileile maziwa ya Mama Tusekile yalipanda. Ishirini na nane na nusu. Ishirini na tisa. Kila siku, bila kukosa. Foleni nzima iliona. Mama alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba Mungu amefichua kilichofichika, akarudishwa kwenye Meza, akina mama wakamwimbia. Nami niliimba. Tulikuwa na kipimo, tulikuwa na ungamo, na sasa tulikuwa na matokeo. Hata mahakamani hawapati vitu vitatu vinavyokubaliana namna ile. Hakuna aliyegundua, mimi nikiwa wa kwanza kutogundua, kwamba sasa mama yule yuko peke yake, anaosha ndoo mwenyewe, anateka maji mwenyewe, anakoka moto mwenyewe, na hafiki tena kituoni mapema. Ndoo ilikuwa ikikaa mlangoni kwenye ukungu ikimsubiri amalize kazi za Atupele.

Miezi ilipita. Mwanawe, yule wa Chunya, alioa mwingine, ndoa ya kanisani. Mke mpya alichukua kazi za nyumbani, na Mama akapata tena nafasi ya kuwahi. Asubuhi moja alifika wa kwanza, na ndoo imefunikwa kwa majani. Nikatia laktomita. Ishirini na tano na nusu.

Alikuwa ananitazama. Nikasema, "Ishirini na tisa, mama." Ulikuwa uongo wangu wa kwanza kituoni. Nikamwaga ndoo, lakini yale ya kwenye silinda niliyaacha dirishani, kwa sababu sikutaka kuyagusa tena mama akinitazama. Nilihudumia foleni. Pikapu zikaja, zikaondoka. Nilipokwenda kuosha silinda, sijui kwa nini, labda kwa mazoea tu, nilitia laktomita tena.

Ishirini na tisa kasoro kidogo.

Nilidhani nimeona vibaya. Nikairudia siku tatu, kwa ng'ombe watatu tofauti, mmoja wao wa kwangu mwenyewe, niliyemkamua kwa mikono yangu. Yakiwa ya moto laktomita inazama. Yakipoa inapanda. Maziwa yaleyale, bila tone la maji kuingia wala kutoka. Ndipo nilipokumbuka kwamba kwenye semina ya siku ya kwanza walituonyesha jedwali la kurekebisha namba kulingana na joto, lililokwenda na ile themomita, na nilipoivunja moja nililiacha la pili lipotee. Mzee Gwakisa alikuwa amelihamishia jedwali mgongoni mwa mkono wake. Hakuwa akizisalimia ndoo.

Nilikwenda kwa Mama Tusekile mchana, nikiwa na laktomita kwenye kitambaa na vikombe viwili virefu. Nilimwomba maziwa ya asubuhi, yaliyopoa, na nikamwomba amkamue ng'ombe kidogo mbele yangu. Hatimaye nilikuwa zizini kwake. Alikamua bila kuuliza. Nikapima ya baridi, akaona namba mwenyewe, kwa kuwa anajua kusoma. Nikapima ya moto, akaona. Nikamweleza yote, polepole, na nikamwambia kosa ni langu.

Alikaa kwenye kigoda. Nilidhani atanipiga, na ningefurahi. Akasema, "Pima tena."

Nikapima. Ishirini na sita. Nikamwambia yameanza kupoa.

"Pima tena."

Upepo wa Rungwe siku ile ulikuwa mkali. Kila aliposema pima, namba ilikuwa imesogea. Ishirini na sita na nusu. Ishirini na saba na nusu. Nilijaribu kusema kwamba hicho ndicho ninachomwonyesha, kwamba kusogea kwenyewe ndio ushahidi. Alinyoosha mkono ninyamaze. Mwishoni vikombe vyote viwili vilisoma sawasawa.

"Umeona," alisema. "Ni sawa. Hakuna tofauti."

"Mama, sasa yamepoa yote."

"Lusajo." Hakuwa ameniita jina tangu Shule ya Jumapili. "Yule binti alikiri. Mungu alinijibu. Nimekula Meza ya Bwana kwa jibu hilo. Wewe unataka niwe nimekula nini?"

Akayamwaga maziwa yote mawili kwenye sufuria moja, akaingia ndani. Simlaumu. Nilimtaka abebe kwa mchana mmoja kitu ambacho mimi nilikuwa nimekikimbia kwa siku tatu, nami sikuwa nimemfukuza mtu nyumbani kwangu. Mchungaji nilimweleza jioni yake. Alifunika uso kwa mikono. Akasema mwana ameshaoa mbele ya madhabahu, ng'ombe wamerudi, na kama nina hekima yoyote nimpelekee, kwa sababu yeye imemwishia. Mtasema ningesimama kanisani niseme. Nimejisema hivyo pia. Sikusimama.

Nilikwenda Lufingo. Atupele nilimkuta kwa baba yake, anapalilia maharage. Alikuwa amekonda. Nilibeba tena laktomita na vikombe, kwa maana sikujua njia nyingine ya kuomba msamaha. Alinikaribisha kwenye ukingo wa shamba, nikaeleza. Alisikiliza huku akichambua udongo kwenye jembe. Nilipoanza kufungua kitambaa alisema nisijisumbue, yeye anajua kwamba hakutia maji.

Nikamuuliza basi kwa nini alikiri.

"Mama aliniambia nikikiri nitasamehewa, nitakaa. Nikikataa nitaondoka." Akatabasamu kidogo. "Kikombe cha bluu nilikitaja kwa sababu waliuliza kikombe gani. Halafu, kaka, nitakwambia ukweli. Wote walikuwa na uhakika. Na wewe ulikuwa na kile kioo. Kuna siku nilianza kufikiri labda kweli natia, ila nasahau."

Mtoto wake alikuwa ameamka kwenye kanga chini ya mgomba, akaja akiyumba, anajifunza kutembea. Akamshika mama yake gauni. Atupele alimpangusa udongo mdomoni.

"Huyu akikua ataniuliza kwa nini hatukai kwa baba yake," alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayeuliza njia. "Nimwambie nini? Nimwambie maziwa yalikuwa ya moto?"